Kioo Cheusi cha Shangazi

Kompyuta ya Shangazi ilikuwa na sauti mbili. Ya kwanza ilikuwa ya diski yake iliyozeeka, ambayo ilikoroma ndani kwa ndani kama mtu mwenye kifua kibovu. Ya pili ilikuwa ya programu iliyomsomea kila kilichoandikwa kwenye kioo. Hiyo ilikuwa sauti ya mwanamume mwenye haraka zake, anayesemea puani bila kuvuta pumzi, na watu wa nyumbani walimpa jina: Bwana Puani.

Shangazi alikuwa haoni tangu utotoni. Bwana Puani alisoma, yeye akaandika, na mkate wake ulitoka hapo. Ofisi moja ilimtumia rekodi za vikao na mashauri ya wafanyakazi, naye akaandika kila neno lililosemwa humo, pamoja na vikohozi vyenye maana. Sikio la kushoto lilisikiliza rekodi, la kulia lilimsikiliza Bwana Puani akimrudishia alichoandika. Mwanzoni Bwana Puani alisoma Kiswahili kama mtu aliyekabwa na mfupa wa samaki. Shangazi alimfundisha neno baada ya neno, miaka na miaka, mpaka akawa anasema kama binadamu, au tuseme kama binadamu mwenye mafua.

Sasa mashine ilikuwa imechoka. Ukifungua rekodi peke yake, sawa. Ukimfungua Bwana Puani peke yake, sawa. Ukiwafungua pamoja, kompyuta ilibana pumzi, diski ikakwaruza, na Bwana Puani akakatika katikati ya neno kama aliyezibwa mdomo. Kwa sababu hiyo Shangazi alikuwa amechelewesha kazi, kisha akachelewesha nyingine, na msimamizi wa ofisi akampigia simu.

"Dada yangu, sikulaumu," alisema msimamizi kwa sauti ya asali. "Nakutumia hii ya mwisho, naitaka Jumatatu asubuhi. Ikikushinda basi, tutawapa wengine wanaoona, wewe upumzike."

Neno "upumzike" lilimkaa Shangazi kooni siku nzima. Yeye hakuomba kupumzika. Alikuwa na kazi moja anayoijua, na ilikuwa inataka kumponyoka kwa sababu ya kifaa kisichozidi kipande cha rula.

Alikuwa ameulizia huku na huku, kwa simu na kwa wenzake wa kazi, mpaka akajua dawa. Memori iongezwe. Diski inayozunguka itolewe, iwekwe ya kisasa isiyozunguka. Mashine yenyewe ilikuwa bado ngumu.

"Hiyo mashine ipeleke makumbusho," alisema wifi yake, mke wa kaka yake, ambaye walikaa naye nyumba moja. "Nunua mpya, uachane na huyo mume wako wa mafua."

"Makumbusho utatangulia wewe, wifi. Umri wako na wake haupishani sana."

Wifi yake alicheka mpaka sufuria ikamponyoka. Kutaniana ndiyo ilikuwa salamu yao. Kisha akavaa viatu akamsindikiza kwa fundi, maana upande ule wa mjini njia zilikuwa zimechimbwa na Shangazi hakuwa amezizoea.

Duka la fundi lilinukia risasi ya kuchomelea na vumbi la moto. Shangazi aligusa meza ya kioo yenye ufa uliobandikwa mkanda, akaweka kompyuta juu yake taratibu.

"Karibuni," alisema fundi. Sauti ilikuwa ya mtu wa makamo aliyechoka kuulizwa bei. Kisha akageuka, na Shangazi akasikia maneno yanampita begani. "Dada, mama anasumbuliwa na nini?"

"Kompyuta yake nzito," alijibu wifi.

"Anataka ifanyiwe nini?"

"Anataka kuulizwa mwenyewe," alisema Shangazi. "Yuko hapa mbele yako."

Fundi akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyekanyaga mguu wa mgeni. "Samahani, mama. Sema."

"Mambo mawili. Memori iliyomo ni ndogo, na nafasi ya pili iko tupu. Ijaze. Halafu diski, toa hii, weka ile mpya isiyozunguka. Lakini kila kilichomo kihame kama kilivyo. Usichague. Ukiona takataka, nihamishie takataka zangu."

"Hakuna shida."

"Hebu rudia."

Fundi alisita. "Memori, diski mpya, na kila kitu kihame."

"Hapo sawa."

Shangazi alikuwa ameanza kuona kuwa huyu mtu atafaa, pale aliposikia kalamu ikitafutwa mezani. "Dada, nipe namba yako. Ikiwa tayari nitakupigia." Na wifi akaitaja ya kwake, harakaharaka, kabla Shangazi hajafungua mdomo.

Njiani Shangazi alimuuliza, "Mbona umetoa ya kwako?"

"Wifi nawe! Namba ni namba. Si tunakaa nyumba moja?"

Shangazi hakuwa mtu wa kukasirika papo kwa papo. Alikuwa na tabia ya kuliweka jambo pembeni, kulipapasa kila upande, na kulipa nafasi ya kujitetea. Alijiambia kuwa huenda fundi aliuliza kwa mazoea, na wifi alijibu kwa upendo. Yote mawili yalikuwa kweli, na bado yalimuwasha.

Kesho yake simu ya wifi iliita jikoni. Shangazi alikuwa sebuleni akipanga nguo.

"Eeh, fundi… Ala! Kumbe?… Basi fanya hivyo hivyo, weka… Hapana, usimsumbue, mimi nitamwambia… Hiyo kelele nayo itoe, itoe kabisa, hata mimi huwa inanikera."

"Nani huyo?" aliita Shangazi.

"Fundi. Anasema kazi inakwenda vizuri."

Mchana ule ule wakaifuata. Dukani palikuwa na mteja mwingine, mzee wa kikohozi aliyeleta redio. Fundi aliiweka kompyuta mezani kwa madaha. Shangazi alipapasa kitufe cha pembeni, akabonyeza, akainamisha kichwa kusubiri.

Feni ilizunguka. Hakukuwa na mkoromo. Diski mpya ilikuwa bubu, kama alivyotaka. Alisubiri sauti ya puani imkaribishe. Alisubiri tena. Feni ikaendelea kupuliza peke yake.

"Jamani!" wifi alipiga makofi. "Wifi, inang'aa hiyo, kama televisheni ya dukani!"

"Kioo kipya kabisa, dada," fundi alimwambia wifi. "Kile cha zamani kilikuwa kimekufa, giza tupu. Nilishangaa mtu anatumiaje kompyuta isiyoonyesha kitu."

"Kioo?" alisema Shangazi.

"Ndiyo, mama. Nilihakikisha. Niliiunganisha na kioo cha nje, picha ikaja vizuri. Kwa hiyo ubovu ulikuwa kwenye hiki chako."

"Nilikuomba kioo?"

Fundi alisogeza bisibisi zake mezani.

"Na memori?"

"Sasa, mama," fundi alijikuna mahali fulani kwenye ndevu, "hela ya memori uliyoiacha jana ndiyo iliyoingia kwenye kioo. Nilimpigia dada, tukakubaliana."

"Na anayesema yuko wapi?"

"Nani?"

"Aliyekuwa akisema humu ndani."

"Aah, ile sauti!" Fundi alisikika amefurahi kupata swali analolijua. "Ile ilikuwa inapiga kelele kila ukigusa kitufe, haikupi hata nafasi ya kufikiri. Nikajua ni kirusi. Nimekuwekea mfumo mpya, msafi, nikahamisha maandishi yako tu. Hutaisikia tena."

Shangazi alipokasirika, sauti yake haikupanda. Ilishuka, na watu wakalazimika kusogea ili waisikie. Fundi alisogea. Hata mzee wa redio alimeza kikohozi chake.

"Ulimwona mwenye kompyuta haoni. Ukakuta kioo chake kina giza, ukasema kimekufa. Ukakuta kinachomsomea, ukakiita kelele. Mimi mwanga wa kioo naushusha mpaka mwisho kwa sababu unakula betri, na sina kazi nao. Hiyo sauti unayoiita kirusi ndiyo macho yangu ya kazi. Nimeifundisha kusema miaka yote hiyo, wewe umeifuta kwa mchana mmoja. Na katika yote haya, mmepigiana simu, mkajadiliana, mkakubaliana, na mtu pekee mliyeona hana haja ya kuulizwa ni mwenye mali."

"Wifi," alianza wifi yake, "mimi nilitaka kukupunguzia usumbufu, na hiyo kelele nilidhani anasema ya diski…"

"Usumbufu ni wangu. Niachie nisumbuke nao."

Fundi alivuta droo au sanduku, Shangazi hakujua, akatoa kioo cha zamani na kukiunganisha kwa waya.

"Kinawaka?" wifi aliuliza kwa sauti ndogo.

"Kinawaka," alisema fundi.

Kwa haki, fundi hakuwa mzembe wa mikono. Aliona giza, akapima kama mafundi wanavyopima, na vipimo vikamdanganya, maana hakuwahi kufikiria kuwa kuna mtu angezima mwanga wa kioo chake kwa makusudi na kuendelea na kazi. Lakini swali moja tu lingetosha, na wa kuulizwa alikuwa na simu mfukoni.

"Diski yangu ya zamani iko wapi?" aliuliza Shangazi. Kila alichomfundisha Bwana Puani kilikuwa humo. Akiikosa, angeanza upya kumtoa mfupa kooni neno kwa neno, na Jumatatu ilikuwa inakuja.

Droo ilivutwa. Vyuma viligongana, vingi, kama vijiko kwenye beseni.

"Ipo. Sitaichanganya na za wengine, nimeibandika karatasi. Hii… siyo hii. Hii hapa."

"Karatasi imeandikwaje?"

"Ni alama tu, mama. Ya kujikumbusha."

"Imeandikwaje?"

Karatasi ilikwaruza kidogo, kama iliyofunikwa na kidole gumba.

"Wifi," alisema Shangazi, "nisomee."

Wifi yake, ambaye kwa maisha yake yote hakuwahi kukosa neno, aliinamia karatasi. Kisha akasema kwa shida, "Imeandikwa, 'Yule kipofu.'"

Mzee wa redio aliachia kikohozi alichokuwa amekizuia. Nje mtu alipita akivuta mkokoteni wenye gurudumu linalolia. Shangazi alisubiri mpaka gurudumu likaishia mbali.

"Bandua hiyo," alisema. "Chukua karatasi nyingine. Andika."

Akamtajia jina lake. La kwake, la baba yake, na la babu yake, polepole, kwa kituo kila mahali, kama alivyozoea yeye mwenyewe kuandika majina ya watu wanaotoa ushahidi, maana mtu akikosewa jina kwenye maandishi ni kama hakuwepo kikaoni. Fundi aliandika.

"Isome."

Akasoma. La babu alilikosea. Shangazi akamrekebisha, naye akafuta, akaandika tena, akasoma tena.

"Hilo ndilo. Sasa rudisha kioo changu, chukua chako. Weka memori. Halafu hamisha diski nzima kama nilivyokuagiza."

"Kesho asubuhi utaikuta…"

"Sikuti. Leta kiti."

Kiti kililetwa, cha plastiki, mguu mmoja mfupi. Shangazi alikaa karibu na meza ya kazi, mkoba mapajani. Wifi yake alijikalia kwenye kizingiti cha mlango, akipenga makamasi.

Fundi alianza kazi kimyakimya. Bisibisi ilizunguka, skrubu zikadondoka kwenye kopo.

"Unafanya nini sasa?" aliuliza Shangazi.

"Nafungua."

"Nimesikia unafungua. Unafungua nini? Wenye macho wangekutazama. Mimi utaniambia."

Basi fundi akawa anasema. Mwanzoni alitoa neno moja moja, kama mtu anayetozwa. "Kifuniko. Betri. Waya wa kioo." Baadaye ulimi ukamlainika. Akaeleza kwamba vumbi lilikuwa limeziba feni, kwamba nafasi ya memori iko chini ya kibati kidogo, na kwamba memori inaingia kwa mshazari kisha inalazwa. Akamwekea kiganjani ile mpya aishike. Ilikuwa nyembamba, ina meno madogo laini upande mmoja.

"Ni hiki tu?" alisema Shangazi.

"Ni hicho tu, mama."

"Hiki ndicho mlichokibadilisha kwa kioo."

Fundi alikichukua, akakilaza mahali pake, kikalia tak.

Kuhamisha diski kulichukua muda mrefu. Wateja waliingia na kutoka. Mmoja, mwenye manukato makali, alisimama kando ya kiti cha Shangazi akamuuliza fundi, "Huyu mama anasubiri nini hapa?"

Fundi alikuwa na bisibisi mdomoni. Aliitoa.

"Muulize mwenyewe," alisema.

Shangazi alilisikia hilo, lakini hakutabasamu. Ilikuwa mapema mno kumsifu mtu kwa kufanya alichopaswa kufanya tangu jana.

"Nasubiri haki yangu," alimwambia mwenye manukato, naye akarudi nyuma hatua mbili.

Jua lilipoacha kumchoma mguu kupitia mlangoni, fundi alisogeza kompyuta mbele yake na kuuongoza mkono wake… hapana, alianza kuushika, akaacha, akasema, "Iko mbele yako, mama. Kitufe ni pale pale."

Shangazi alibonyeza. Feni ikazunguka, nyepesi, bila vumbi. Hakukuwa na mkoromo. Kisha, mapema kuliko siku zote, sauti ya puani ikaropoka salamu yake kwa pupa. Akafungua rekodi ya ofisi, watu wakaanza kubishana sikioni kuhusu malipo ya ziada, na Bwana Puani akasoma juu yao bila kukatika. Akaandika neno gumu alilomfundisha mwaka juzi. Bwana Puani akalisema sawasawa.

Mabega ya Shangazi yalishuka. Hakujua kuwa alikuwa ameyainua tangu asubuhi.

Halafu akatafuta kitufe cha mwanga, akakibonyeza tena na tena mpaka mwisho.

"Haya," alisema, "kimekufa tena."

Wifi ndiye aliyeanza kucheka, kicheko chenye machozi ndani yake, na mzee wa redio akadakia kwa kikohozi.

Jumamosi na Jumapili Shangazi hakuonekana sebuleni ila kwa chakula. Wifi yake alipita mlangoni kwa ncha za vidole. Mara moja aliingia na kikombe cha chai, akataka kukiweka mezani, akajizuia. Akauliza, "Nikiweke wapi, wifi?"

"Kulia, mbali na kibodi."

Jumatatu asubuhi kazi ilikuwa imefika ofisini. Msimamizi alipiga mwenyewe.

"Nimeipitia. Imetulia kweli. Nani amekusaidia?"

"Bwana Puani."

"Bwana nani?"

"Mwenzangu wa kazi. Nitumie nyingine. Na lile neno la kupumzika, usiniambie tena mpaka nikuombe."

Msimamizi akasema atatuma, na jioni ile ile akatuma.

Siku chache baadaye simu ya wifi iliita wakiwa wamekaa wote sebuleni.

"Eeh, fundi! Hujambo? Kompyuta? Inaendelea…" Wifi alikatika katikati ya neno. Shangazi alimsikia akivuta pumzi. "Subiri. Mwenyewe huyu hapa."

Simu ikawekwa kiganjani mwa Shangazi, bado ina joto la shavu.

"Mama," alisema fundi, "nauliza tu, mashine inaendaje?"

"Inakwenda. Kwa hilo umefanya kazi."

"Nashukuru, mama."

"Lakini skrubu moja ya chini, kona ya kulia karibu na bawaba, haipo."

"Haiwezekani, mama, nilizirudisha zote."

"Nimepapasa."

Kisha Shangazi akasikia, mbali kidogo na simu, kopo likimwagwa mezani na vyuma vidogo vikichaguliwa kwa kidole. Fundi aliporudi, sauti yake ilikuwa imenywea.

"Ipo hapa."

"Naifuata kesho," alisema Shangazi. "Na ile karatasi yenye jina langu, bado unayo?"

"Ninayo."

"Ichukue. Andika namba yangu chini yake. Yangu mimi."

Akamtajia tarakimu moja moja, akamsikiliza akiandika, wala hakumrudishia wifi simu yake mpaka fundi alipozisoma zote.